Kamba ya Nyuma

Jumatatu, 30 Juni

Nimepalilia mikorosho tangu alfajiri. Mistari mitano. Mpini wa jembe ulikuwa umelegea, nikagongea kabari, ukakaa. Saa nne bodaboda kapita njia ya shambani, kapunguza mwendo makusudi. "Legeza!" Abiria wake akacheka. Nikaendelea kupalilia. Karibu mwaka sasa. Kuitwa nimezoea. Kuchukia sijaacha.

Halafu akaja Idrisa. Pikapu ileile nyeupe, keria ileile ya bomba. Kaliacha gari barabarani, kaja kwa miguu kati ya mikorosho huku anatazama viatu vyake visichafuke. Mtoto wa mjomba wangu. Utotoni tulilala kitanda kimoja hapahapa Mahege.

Niandike mara moja, nisilirudie. Mwaka jana, mwezi wa nane, tulikuwa tunapeleka wageni kupiga kambi delta. Mtumbwi juu ya pikapu, mahema na masufuria chini. Nilifunga mwenyewe Kibiti: kamba ya mbele, ya kati, ya nyuma. Bungu tukasimama, nikaenda msikitini kuswali adhuhuri. Huku nyuma Idrisa akaifungua kamba ya nyuma ili atoe dumu la maji, akaifunga tena yeye. Nikatoka, tukaondoka. Kwenye tuta la kwanza mtumbwi ukageuka, tezi, ule mwisho wake wa nyuma, ikafagia pembeni mwa barabara, ikamkuta Bi Zuhura kwenye meza yake ya korosho. Mguu ukavunjika sehemu mbili.

Watu walipojaa, Idrisa akasema, "Kamba ni kazi ya Salum." Basi. Yeye akampakia majeruhi, akamkimbiza hospitali, akasifiwa. Miye nikapewa jina: Legeza.

Nilisema siyo mimi. Nani atasadiki? Miaka tisa nafunga mimi.

Leo anataka nirudi. Safari moja. Walimu wastaafu wa Dar, wanawake sita, wanaokuja kila mwaka kupiga kambi. Mwaka jana walitangulia, ajali ilitokea safari iliyofuata, hawakuwepo. Kiongozi wao, Mwalimu Felista, kapiga simu: wanakuja, ila wanamtaka yule mzee wa kamba. Bila yeye hawaji.

Nikamwambia nitafikiri. Uongo. Nilishakubali kabla hajamaliza. Siendi kwa ujira. Nataka kumwona chini.

Jumanne, 1 Julai

Mke wangu kauliza swali moja tu, wakati anapepeta mchele. "Baba Asha, unakwenda kufanya kazi au unakwenda kulipiza?"

Nikasema kazi.

Kaendelea kupepeta. Hajanitazama. Ananijua.

Jirani yetu kamaliza kuezeka. Fito kafunga mtu wa Bungu. Nyumba hii na hii, hatua thelathini, na zamani hakuna paa lililofungwa hapa bila mimi kuitwa. Kanisalimia vizuri leo. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 3 Julai

Nimefika Kibiti, uani kwa Idrisa. Vitu vyote chini ya turubai: mahema, magodoro membamba, majiko mawili ya mkaa, maboya ya kuvaa, makasia. Vimetupwa. Kasia moja limepasuka, hajui. Hema moja limekunjwa bichi, limeota ukungu. Nimelianika.

Mtumbwi upo pembeni, kifudifudi. Wa msufi, mwepesi kwa urefu wake, watu wanne tunaunyanyua. Kwenye tezi kuna kiraka cha bati, hapo ndipo palipompata Bi Zuhura. Nimekipitishia mkono. Misumari imepigwa ovyo, mmoja umetokeza kucha. Hata huo hakujali kuugonga.

Nikiwa nimeinama, Idrisa anaongea na simu, sauti ya juu, mteja mwingine. "Hapana mkuu, siku hizi nafunga mwenyewe. Yule niliyemwamini aliniponza. Sirudii."

Alijua nipo. Ananiona mgongo. Hakupunguza hata sauti.

Nilishika ule msumari mpaka ukanitoboa kidole. Damu kidogo. Nikasema moyoni: huu mtumbwi utaanguka tena, na safari hii wewe ndiye umeufunga. Umeshasema mwenyewe, kwa mdomo wako, kwenye simu.

Ijumaa, 4 Julai

Baada ya swala nimepita kwa fundi betri. Nimemwomba asidi kidogo kwenye chupa ya soda. Nikamwambia ni ya betri ya sola. Hakuuliza zaidi.

Nimejaribu kwenye kipande cha kamba. Kwa nje kamba haionyeshi kitu. Rangi inafifia kidogo tu. Ukiivuta kwa mkono, inashika. Ukiivuta kwa uzito, inakatika kimyakimya, haina hata mlio.

Nimeitazama kwa furaha ile kamba iliyokatika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Furaha.

Nimeshaswali Ijumaa na asidi nimeichukua siku hiyohiyo. Mungu ananiona. Anamwona na Idrisa.

Jumapili, 6 Julai

Leo nimechukua bodaboda mpaka Bungu, tukakata kwenda njia ya Nyamisati, ile tutakayopita na mtumbwi kwenda kupanda boti. Nimemwambia dereva aende polepole. Nilikuwa natafuta mahali. Mahali pabovu, penye mashimo, mtumbwi uruke, kamba ikatike, uanguke ukapasuke, na pasiwe na mtu. Hasara iwe ya Idrisa peke yake. Aibu yake, mbele ya walimu wake.

Shimo la kwanza zuri sana. Kina mama wawili wanateka maji kwenye bomba la pembeni.

La pili, kwenye mikorosho. Nikasema hapa. Akatokea mtu na baiskeli, gunia la mkaa nyuma, kayumbayumba akapita palepale.

La tatu, wanafunzi. La nne, bibi kakaa chini anapumzika, miguu kainyoosha mpaka kwenye vumbi la njia, kama barabara ni baraza yake.

Tumekwenda mpaka nyumba zikaanza kuwa chache na upepo ukaanza kunuka tope la mikoko. Kila penye shimo pana mtu. Hakuna mahali patupu kwenye barabara hii. Sijui kwa nini nilidhani papo. Miaka tisa napita.

Dereva akauliza, "Mzee, kuna kitu umepoteza?"

Nikamwambia tugeuze.

Wakati wa kurudi tumepita Bungu penyewe. Bi Zuhura yupo mezani, mkongojo kauegemeza kwenye ndoo. Sikusimama. Karibu mwaka sijasimama pale.

Jumatatu, 7 Julai

Ile kamba niliyoitia asidi nimeikatakata, nimeichoma nyuma ya choo. Asidi nimemwaga shimoni, chupa nimeivunja.

Sijasamehe. Nimeiacha njia ile tu. Na njia nyingine sina. Hilo ndilo linaloniuma leo.

Jumatano, 9 Julai

Tumepakia. Idrisa kaita wabeba mizigo wawili wa stendi, tukaunyanyua mtumbwi juu ya keria. Nikafunga.

Mikono haijasahau. Kwanza magunia makuukuu juu ya bomba, mbao isisuguliwe. Kamba ya mbele kutoka omo, ncha ya mbele ya mtumbwi, kushuka kwenye bampa, pande zote mbili. Ya kati inazunguka tumbo. Ya nyuma mwisho: kitanzi, pitisha, vuta kwa uzito wote wa mwili, funga mara mbili, ncha ifiche. Halafu unaupiga kofi. Mtumbwi uliofungwa vizuri ukiupiga kofi, gari zima linajibu. Limejibu. Kwa nukta chache sikuwa na chuki na mtu.

Ndipo Idrisa akasema, "Binamu, hebu sogea kidogo."

Nikasogea. Akashika ncha ya kamba ya nyuma, akakunja mkono wa shati, akampa mbeba mizigo simu. Akapigwa picha. Moja amevuta kamba, moja anatabasamu. Akawatumia walimu palepale. Nikamsikia anarekodi na sauti: "Shikamooni walimu wangu, nimeshafunga kila kitu kwa mkono wangu, msiwe na wasiwasi."

Nilikuwa nimesimama kando nimeshika gunia. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikacheka. Akadhani nacheka naye, akanipiga begani.

Njia nimeipata. Yeye mwenyewe kanipa.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika Nyamisati, nimekaa juu ya dumu, boti inapakiwa. Niandike yote kabla hayajapoa.

Tumefika Bungu saa tatu. Walimu walikwishafika kutoka Dar, Noah yao imeegeshwa mbele ya meza za korosho. Wameshuka wote sita, kofia pana, wanakula korosho, wanacheka kama wasichana wa bweni. Mwalimu Felista kaja moja kwa moja kwangu, mikono miwili. "Mzee Salum! Nilimwambia huyu, bila wewe siji."

Idrisa akaingilia haraka. "Salum amekuja kunisaidia, Mwalimu. Kufunga siku hizi nafunga mwenyewe. Picha mmeziona."

"Tumeziona," kasema Mwalimu.

Bi Zuhura alikuwa mezani kwake. Watu wa bodaboda walikuwa kwenye kijiwe chao. Mmoja kashaanza, "Legeza karudi!" Nikaona vizuri. Wote wapo. Nikaanza kufungua.

Ya nyuma. Ya kati. Ya mbele. Sikusema neno. Nikazikunja kamba zote tatu, nikaziweka kwenye viatu vya Idrisa. Nikarudi nyuma, nikakaa kwenye jiwe.

"Nini tena, binamu?"

"Funga. Walimu waone mkono wako."

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. "Tutachelewa maji, wewe."

"Maji yatajaa alasiri. Funga."

Mwalimu Felista kamtazama yeye, kanitazama miye. Amefundisha miaka mingi, anamjua mtoto anayenakili kwa mwenzake. Akasema kwa upole tu, "Eh, hebu tuoneshe, Bwana Idrisa. Nataka kujifunza."

Akafunga. Ilichukua muda mrefu. Alizungusha kamba mara nyingi, fundo juu ya fundo, kama anayefunga mbuzi mkorofi. Jasho lilimtoka mgongoni shati likaganda. Watu wa bodaboda walisogea. Kina mama wa korosho walisimama. Hakuna aliyekuwa anauza. Nilikuwa nakunywa kila kitu kwa macho. Naapa sijawahi kuona kitu kitamu kama mgongo wake ule.

"Tayari," akasema.

Nikawaomba walimu wasimame mbali. Nikaenda nyuma ya gari, nikaweka kiganja kimoja kwenye tezi, nikasukuma. Siyo kwa nguvu. Kama unavyosukuma mlango.

Mtumbwi ukaserereka pembeni, kamba zikalegea, tezi ikatua chini puu, vumbi likaruka. Umebaki unaning'inia kwa kamba ya mbele.

Halafu yuleyule wa bodaboda, taratibu: "Kumbe."

Hapo nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwaka jana, hapahapa, kamba ya nyuma aliifungua huyu, atoe dumu. Akaifunga huyu. Miye nilikuwa mle msikitini naswali."

Mzee mmoja wa dukani akamuuliza Idrisa, "Ni kweli?"

Idrisa alikuwa anatazama mtumbwi. "Kweli."

Neno moja. Nimelingoja karibu mwaka. Nililisikia likiingia mwilini kama chai ya moto.

Halafu Bi Zuhura akaja. Watu wakampisha. Mkongojo, hatua, mkongojo, hatua. Hakumtazama Idrisa kabisa. Akasimama mbele yangu.

"Salum. Ulipotoka msikitini, hukuitazama kamba?"

Wote wakanitazama.

Nikasema, "Sikuitazama, Bi Zuhura. Niliiamini."

Akageuka, akarudi mezani kwake, mkongojo, hatua.

Nimefunga mtumbwi upya mimi. Tumekuja mpaka huku, Idrisa anaendesha. Boti imemaliza kupakiwa. Naitwa.

Ijumaa, 11 Julai

Kambini, kwenye kichanga karibu na mkono wa mto. Maji ya bamvua, yanajaa mpaka karibu na mahema na yanarudi mbali sana, yanaacha tope linang'aa. Walimu wana furaha. Wawili wawili wanaingia kwenye mtumbwi, nawapeleka kwenye vijito katikati ya mikoko kwa kusukuma upondo. Wanaimba. Mmoja kadondosha miwani, tumeipata kaa kaishika.

Wananiheshimu zaidi ya zamani. Wameshasimuliana. Mwalimu Felista kaniwekea kipande kikubwa cha samaki. Idrisa kala peke yake, kampa kila mtu mgongo.

Nimefurahi mpaka adhuhuri. Niandike ukweli: nimefurahi sana.

Baada ya chakula nikaenda kuosha masufuria kwenye maji. Akanifuata. Akachuchumaa kando yangu, akachukua sufuria moja, akaanza kusugua na mchanga. Hajawahi kuosha sufuria tangu tuanze kazi hii.

"Uliiona," akasema.

Nikasugua.

"Nilikuwa nimeshika usukani, nakutazama kwenye kioo cha pembeni. Ulitoka msikitini ukapita nyuma ya gari. Ukasimama. Ukaitazama kamba. Ncha ilikuwa inaning'inia. Miye nikapiga honi, weye ukapanda."

Nikachukua sufuria nyingine.

"Jana nilitaka kulisema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Wangeniuliza: na wewe uliiona, kwa nini ulipiga honi?"

Akaosha sufuria mpaka ikatakata, akaifunika kwenye jiwe, akaondoka.

Sasa niandike, kwa sababu daftari hili hata nalo nimelidanganya. Niliandika "nikatoka, tukaondoka". Haikuwa hivyo. Nilipita nyuma ya gari. Niliona fundo si langu. Niliona ncha. Miaka tisa, na jicho langu haliwezi kupita kamba bila kuisoma. Nilijua. Nilinyoosha mkono. Idrisa akapiga honi mara mbili, ndefu, mbele ya wageni, kama anamwita punda. Nikakasirika. Nikasema moyoni: acha ilegee, atajua mwenyewe. Nikadhani itagonga bomba njiani, itapiga kelele, atasimama, ataona aibu mbele ya wageni wake.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka aaibike. Mguu wa Bi Zuhura ukawa katikati.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepeleka walimu kuona ndege. Nimefunga. Nimefungua. Nimepika wali wa nazi ukaungua chini. Hakuna aliyelalamika.

Chuki ninayo bado. Sijui niielekeze wapi.

Jumapili, 13 Julai

Tumerudi. Walimu wameagana na sisi Bungu. Mwalimu Felista kanipa mkono, kasema mwakani. Kisha kamwambia Idrisa, "Na wewe jifunze kwa mwenzako, hakuna aibu." Idrisa kaitikia, "Sawa, Mwalimu."

Bi Zuhura hakuwepo mezani. Jirani yake kasema Jumapili anapumzisha mguu. Nilipata nafuu kusikia hayupo, nikajidharau kwa nafuu hiyo.

Idrisa kanirudisha hadi Mahege. Kaniteremsha kwenye kona. Kazima injini. Kisha kasema, "Nilikuwa na haraka tu siku ile. Wageni walikuwa wananung'unika."

"Najua."

"Jina lile sikukupa mimi."

"Hukulikataa."

Akawasha gari.

Simpendi. Niliandika wiki mbili zilizopita nataka kumwona chini. Nimemwona. Ana kipara kinaanza kisogoni, sikuwahi kukiona mpaka alipoinama kufunga.

Jumatatu, 14 Julai

Kijijini habari imefika kabla yangu. Bodaboda wawili wameniita kwa jina langu, Mzee Salum, na heshima juu. Jirani kaja na muhogo, kasema walinidhulumu. Nikapokea muhogo. Nikashindwa kumtazama.

Nimemweleza mke wangu yote, kuanzia honi. Alikuwa anachambua mboga. Kaacha.

"Sasa hilo unaniambia mimi la nini?" kasema. "Mguu wangu mzima."

Nimekwenda Bungu mchana.

Bi Zuhura alikuwa nyumbani kwake, nyuma ya maduka, anakaanga korosho kwenye karai. Moshi mwingi. Kuna kiti, hakunikaribisha. Nikasimama. Nikasema, "Bi Zuhura, Alhamisi ile nilikudanganya. Kamba niliiona imelegea. Nilimkasirikia Idrisa kwa kunipigia honi, nikaiacha. Nilitaka yeye aaibike."

Kageuza korosho kwa mwiko. Kageuza tena. Nilidhani hakusikia.

"Miye nilikuwa napanga vipakiti," kasema. "Nakumbuka, kwa sababu nilikuwa na furaha siku ile, basi mbili zilisimama mfululizo." Kaondoa karai motoni, kwa shida, mguu mmoja unafanya kazi ya miwili. Nikapeleka mkono kumsaidia. "Acha."

Nikaacha.

"Nyie wawili mlikuwa mnanuniana. Miye napanga vipakiti."

Nikasema nisamehe.

"Umekuja kuutua mzigo wako hapa kwangu, Salum. Umeutua. Haya, nenda. Leo sina la kukwambia."

Nimekwenda. Sikupanda gari mpaka nje kabisa ya mji, nimetembea kwa miguu kwenye jua. Nilijisikia vibaya na sikutaka kupata nafuu.

Jumatano, 16 Julai

Nimemweleza na jirani. Lazima. Muhogo wake tulishaula, lakini nimemwambia. Kasema, "Kumbe." Neno lilelile la bodaboda, ila limegeuka upande wangu.

Kesho watajua wote. Sawa.

Idrisa katuma ujumbe: mwezi wa nane kuna safari, wageni wanne, je nitafunga? Sijamjibu. Nimempigia badala yake, nikamwambia nimemweleza Bi Zuhura. Akauliza, "Na honi umemwambia?" Nikasema nimemwambia. Akasema, "Basi na mimi itabidi niende." Sijui kama atakwenda. Siyo kazi yangu kumpeleka.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda tena Bungu. Sikuwa nimeitwa. Bi Zuhura alikuwa mezani, peke yake, wenzake wamekwenda kuswali. Malori yanapita karibu sana pale. Kila likipita, anashika ukingo wa meza. Sijui kama anajua anashika.

Nikamsalimia. Akaitikia salamu, hakuongeza.

Nikasimama upande wa pili wa meza. Lori likapita. Akashika. Likapita lingine.

"Sogeza hii meza," kasema.

Nikaondoa sinia, ndoo, vipakiti, nikaviweka chini kwenye kanga aliyoitandika. Nikainyanyua meza peke yangu, nikairudisha nyuma hatua mbili.

"Bado."

Hatua mbili tena, ng'ambo ya mtaro.

"Bado."

Mpaka karibu na ukuta wa duka, kwenye kivuli. Akaja na mkongojo wake, akasimama pale, akaitazama barabara kutoka huko. Abiria wa basi watalazimika kutembea kidogo kumfuata. Alilipima hilo. Niliona analipima.

"Hapo."

Nikarudisha vitu vyote. Akakaa. Akamimina korosho zilizobanguliwa kwenye sinia, akaanza kumenya ngozi. Hakuniambia kaa, hakuniambia nenda. Nikageuza ndoo, nikakaa. Nikachukua korosho moja, nikamenya, nikaiweka upande wa zilizo tayari.

Hakunizuia.

Tumemenya mpaka alasiri.